Sake Haitaki Mbio, Inataka Dishi

Maze, wacha kuicheki sake ni kama chang'aa ya Wajapani. Hii haitolewi kwa mvuke, inachachushwa kama busaa: mchele, maji, hamira na koji, ile kuvu inageuza wanga ya mchele kuwa sukari. (Najua Nai ukiskia tei iko na mchele unahepa. Hapa tulia.) Nguvu yake huwa asilimia 15 hivi. Ukiibugia kama keg, utajua hujui.

Kuonja, base ni Niigata, mkoa wa mchele na theluji. Kwa stesheni ya Echigo-Yuzawa kuna Ponshukan, ukuta mzima ni mamashine, kila moja na sake yake ya hapo Niigata. Unanunua tokeni, unaweka kikombe, inakumwagia kafunda. Kando kuna chumvi za kila aina. Usicheke: lamba punje mbili, piga funda, uskie vile utamu wa mchele unatokea nyuma ya ulimi.

Kikombe rasmi cha kuonjea ni cheupe, na miduara ya bluu huko chini ndani. Si urembo. Nyeupe inakuonyesha rangi, bluu inakushow kama tei ni safi ama iko na ukungu.

Sasa dishi. Wazito hukimbilia daiginjo, mchele wake umekwanguliwa hadi ikabaki nusu ya punje ama chini. Inanukia matunda, inakunywewa barida, na inakula ganji. Ipee sashimi ya samaki mweupe, basi. Ukiileta kwa nyama ya mafuta na sosi, harufu yote inamezwa na umechoma doo.

Mi niko timu junmai, ile sake ya mchele bila pombe ya kuongezwa, ikipashwa hadi nyuzi 40 hivi. Hebu imagini yakitori ya paja la kuku, ngozi imelia kwa makaa, sosi imeng'ang'ania kijiti. Sake vuguvugu inakata yale mafuta na inaacha mdomo ukitaka kijiti kingine. Na haina chuma kama waini, so kwa samaki haiamshi shombo. Ndio maana hadi shiokara, ngisi aliyevundikwa na matumbo yake, harufu ya kufukuza caretaker, hapo inaingia tu.

Ukiwa kwa meza na wasee, usijimwagie. Mwagia jirani, naye atakusort. Na itisha maji ya kando. Wajapani hao hao hukunywa hivyo.