Vidonge sita katika kikombe

Ukitoka kwa munganga na karatasi mukononi, unawaza kama kazi imekwisha. Kwangu haikukwisha.

Tulikuwa Likasi. Bwana yangu alitumika posti ya usiku. Batoto wangu babili walishikwa na malaria siku moja: mukubwa kilo 19, mudogo kilo 11. Ku dirisha la farmasi mulongo ulikuwa murefu, na yule wa kugawa dawa alikuwa peke yake. Akatia vyote katika sashe moja, akasema mbio: «Asubui na magaribi, siku tatu.» Nikajibu ndiyo, ndiyo. Kumbe sikusikia kitu.

Nyumbani nikamupa kila mutoto kidonge kimoja kila mara. Mudogo akapona. Mukubwa, siku ya tano, homa ikarudi na kutetemeka. Vidonge sita vilibaki. Nilikuwa nimevitunza katika kikombe, njo akiba ya homa ingine!

Ku lopitali munganga akapima damu tena, akaanza matunzo upya. Safari hii ku dirisha tulikuta mama mumoja muzee. Aliuliza: «Mara ya kwanza walikupa vidonge ngapi?» Kumi na nane. «Basi hesabu nami.» Dawa ile, artemeta pamoja na lumefantrini, inakunywiwa mara sita. Mutoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anapata kidonge kimoja kila mara, vyote 6. Kuanzia 15 mpaka chini ya 25 ni viwili, vyote 12. Vile sita vya kikombe vilikuwa vya mukubwa. Nilisikia haya sana.

Akachukua kalamu ya biki. Juu ya paketi akaandika jina la mutoto, akachora jua na mwezi, na duara mbili chini ya kila moja. Dawa ya kwanza mutoto akakunywa palepale. Ya pili kisha saa nane. Halafu asubui na magaribi siku mbili. Ampe na maziwa ao bukari yenye mboga ya mafuta. Akitapika mbele ya saa moja kupita, arudilie.

«Sasa wewe unifundishe mimi.»

Nyuma batu wakanungunika: «Tutalala hapa?» Hakugeuka. Nikakosa mara moja, nikarudilia, akaitika.

Kisha akaniomba vile vya kikombe. Nilimuletea kesho yake, akavihesabu tena.