BARIDI YA KOREA NA MTOTO WA NGARA

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, vijana kadhaa wa Tanzania hufunga mizigo yao kwenda kusoma katika Jamhuri ya Korea, nchi ambayo wengi wetu huiita Korea ya Kusini. Wako wanaofadhiliwa na serikali ya nchi hiyo, na wako watumishi wa umma wanaopelekwa kwa mafunzo na shirika lake la ushirikiano, KOICA. Uhusiano wa kibalozi kati ya Dar es Salaam na Seoul ulianza mwaka 1992, na Juni 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Seoul katika mkutano wa wakuu wa Korea na Afrika. Njia, basi, iko wazi. Hakuna sababu ya kumzuia kijana wa Mugoma, kule Ngara, asiwe miongoni mwa hao wanaosafiri.

Lakini yako mambo ambayo barua ya ufadhili haiyasemi. Anayefika mwishoni mwa Agosti hukuta joto na jasho, naye hudhani ameshaijua nchi. La hasha! Mbele yake yanamngoja majira mawili asiyopata kuyaona maishani mwake. Akiyapokea vizuri, yatakuwa hazina ya kusimulia wajukuu. Akiyapokea vibaya, yaweza kumvunja moyo, kumwangusha katika masomo, hata kumharibia afya. Makala haya, ndugu msomaji, ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe mzazi unayebaki nyumbani.

MAJINA NI YETU, MAJIRA SI YETU

Shuleni tulifundishwa kuyaita majira hayo vuli na kipupwe. Majina hayo ni mazuri, lakini yanaweza kumpotosha msafiri. Vuli kwetu ni mvua. Pale Mugoma, mvua za Septemba na Oktoba ndizo zinazovirudishia vilima rangi ya kijani, na watu wakashika majembe kupanda maharage. Vuli ya Korea ni kinyume chake: mvua kubwa zimekwisha pita, mbingu zimetakata, mpunga unavunwa, na miti inajiandaa kuvua nguo zake zote.

Kipupwe nacho kwetu ni ule ubaridi wa Juni na Julai. Mtu wa Ngara anaujua kuliko mtu wa Dar es Salaam, maana huamka na ukungu bondeni, akajifunika blanketi mbili. Hata hivyo, mwezi wa Januari pale Seoul wastani wa joto huwa chini ya sifuri, kiwango ambacho maji hugeuka barafu, na si ajabu usiku mmoja kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, au zaidi. Upepo huo hutoka Siberia. Wazee wa Korea walikuwa na msemo kwamba baridi hubana siku tatu, kisha hulegeza siku nne. Msemo huo si sheria, lakini unatia moyo.

Chanzo cha yote haya ni mwinamo wa dunia. Ngara iko karibu sana na Ikweta, ndiyo maana mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Seoul iko mbali kaskazini. Ifikapo Desemba, mchana wake ni wa saa tisa na nusu tu, na jua huzama mnamo saa 11 na robo jioni. Kwa mgeni wetu, giza hilo la mapema ni zito kuliko hata baridi yenyewe. Tutalirudia.

MITI INAPOVUA NGUO

Tuanze na raha. Siku zinapofupika na usiku kupoa, miti mingi ya Korea huacha kutengeneza ile chembechembe ya kijani iliyomo katika majani. Kijani kikitoweka, rangi ya manjano iliyokuwa imejificha chini yake hujitokeza. Miti mingine, kama mipo, hutengeneza rangi nyekundu mpya kabisa. Kisha mti huziba mlango kati ya tawi na jani, nalo jani hudondoka. Mti haukufa, unajiwekea akiba ya uhai hadi machipuko.

Rangi hizo hazitokei nchi nzima siku moja. Huanza katika vilele vya milima ya kaskazini mashariki, kama Seorak, mwishoni mwa Septemba, zikashuka polepole kuelekea kusini, hata mlima Naejang, maarufu kwa mipo yake, ukawaka mwekundu mwanzoni mwa Novemba. Wakorea, wazee kwa vijana, hujaza mabasi na treni kwenda kuziona. Kupanda milima kwao ni kama mpira kwetu. Mtoto wa Ngara, aliyekua akipanda na kushuka vilima kwenda shuleni na kisimani, hana budi kujiunga nao. Mlimani watu hukaribishana matunda na chai hata kama hawajuani, na lugha iliyokuwa ngumu darasani huwa nyepesi.

Katika majira hayo pia huja sikukuu ya Chuseok, siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya mwezi, wakati mbalamwezi ni kamili. Familia hurudi kwao, hufyeka majani makaburini kwa wazee wao, na kula vijikeki vya mchele vilivyochemshwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Mila hii haiwezi kuwa ngeni kwa mtu aliyelelewa kuheshimu makaburi ya babu zake. Lakini tahadhari: siku hizo maduka mengi hufungwa na mabweni hubaki matupu. Asiyealikwa na mtu atafute Waafrika wenzake mapema, wapike pamoja.

KIAZI KITAMU NA KIMCHI

Chakula humpa mgeni shida au furaha. Mwishoni mwa Novemba familia nyingi hukusanyika kutengeneza kimchi ya kula kipindi chote cha baridi: kabeji ndefu hutiwa chumvi, ikapakwa pilipili, kitunguu saumu, tangawizi na samaki wadogo waliochachushwa. Zamani ilitiwa katika mitungi na kufukiwa ardhini isigande; leo wengi wana majokofu maalumu. Desturi hiyo ya kutengeneza na kugawana kimchi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Vyama vya kujitolea mara nyingi huwakaribisha wageni katika kazi hiyo. Nenda, kunja mikono ya shati. Utaona akina mama wakifanya kazi kwa maongezi na vicheko, na utakumbuka akina mama wa kwetu wakimenya ndizi za shughuli.

Na usishangae ukikuta, pembeni mwa barabara yenye theluji, mzee anachoma viazi vitamu katika pipa. Naam, viazi vitamu! Zao hilo lililetwa Korea mwaka 1763 na mjumbe wa mfalme, Jo Eom, alipokwenda Japani, akaona litawafaa watu wake wakati wa njaa. Shika kimoja mikononi kikiwa cha moto. Kitapasha vidole kwanza, tumbo baadaye, na moyo mwisho.

SAKAFU YENYE MOTO

Wakorea hawapashi moto hewa ya chumba, hupasha sakafu. Utaratibu huo, uitwao ondol, ni wa kale sana: moshi wa jikoni ulipitishwa chini ya sakafu ya mawe. Siku hizi ni mabomba ya maji ya moto. Ndiyo maana huvua viatu mlangoni na kuketi chini, kama tuketivyo mkekani.

Hapa pana funzo zito. Kwa miaka mingi baada ya vita vya 1950 hadi 1953, nyumba nyingi zilipashwa moto kwa matofali ya makaa, na moshi uliopenya katika nyufa uliwaua watu wengi usingizini. Ni sumu ile ile inayoua kwetu mtu anapolala na jiko la mkaa chumbani na madirisha yamefungwa. Kwa hiyo usiwashe mkaa chumbani, hata kwa kuchoma nyama. Wala usizime kabisa mtambo wa kupasha moto ili kuokoa fedha: maji yataganda, mabomba yatapasuka, na gharama itazidi uliyoikwepa. Punguza, usizime.

Kuhusu mavazi, nguo nyepesi kadhaa zilizopandana hushinda koti moja zito. Kofia, glavu na soksi za sufu si mapambo. Hewa ni kavu na ngozi hupasuka. Jipake mafuta baada ya kuoga. Penye barafu tembea kwa hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

UPWEKE NA SAA YA NYUMBANI

Sasa turudi kwenye giza. Jua likipungua, watu wengi huzama katika huzuni isiyo na sababu: usingizi unavurugika, kitabu hakisomeki, mtu anajifungia chumbani. Si uvivu wala uchawi. Dawa ya kwanza ni kutoka nje mchana, kila siku, hata kwa nusu saa. Mwenye ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D. Samaki na mayai husaidia. Hali hiyo ikidumu kwa majuma, mwone daktari. Tangu 2021 wanafunzi wa kigeni nao huingizwa katika bima ya afya ya taifa hilo, na vyuo vingi vina ofisi za ushauri.

Yako pia mambo ya kutoa mtu nje: uvuvi wa samaki katika mashimo ya barafu kule Hwacheon kila Januari, na michezo ya theluji. Asidhani mtu kwamba theluji si ya Mwafrika. Mkenya Philip Boit alishindana Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifika wa mwisho, lakini mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mstarini akamkumbatia. Mwaka 2018, Pyeongchang, Korea, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika kuteleza mlimani.

Nawe mzazi, una sehemu yako. Ngara inajua maana ya mtu kuwa mbali na kwao. Aprili 1994 iliwapokea wakimbizi wa Rwanda waliovuka daraja la Rusumo kwa mamia ya maelfu. Basi mwanao naye asiachwe peke yake. Korea iko mbele yetu kwa saa sita, na hapo pana jambo la kupendeza: mshale wa saa yake ukiwa kwenye mbili mchana, wewe Mugoma unasema ni saa mbili asubuhi. Saa ya Kizungu ya kule ni saa ya Kiswahili ya huku! Mpigie wakati huo. Usianze na fedha wala matokeo ya mitihani. Muulize amekula nini, ametembea wapi, ana rafiki gani. Mwambie kama mvua zimenyesha na kama maharage yameota.

Baridi haina budi kupita, kama kila majira. Aliyetoka nje kuiona atarudi na elimu mbili: ya chuoni, na ya dunia.