Modemu inapiga, lakini mlango haufunguki

Wanafunzi wenzetu na walimu wetu, mnatuuliza kila siku: juu ya nini modemu ya USB inawasha taa, inapiga *99#, halafu inakatika? Wengine wanasema, "Tutoe Linux, turudishe Windows." Pole pole! Mashine zetu ni za zamani. Microsoft iliacha kutunza Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa. Tukitoa Linux, wafinalisti watabaki na masanduku ya bati tu.

Modemu inafanya kama simu: inaita, mtandao unaitika, kisha unauliza, "Weye ni nani?" Kujibu kuko namna mbili. Kwa PAP, kompyuta inatuma jina na neno la siri wazi wazi. Kwa CHAP, mtandao unatoa fumbo. Kompyuta inalichanganya na neno la siri na kurudisha jibu, neno lenyewe halipiti njiani. Linux inaweka hayo katika faili mbili, /etc/ppp/pap-secrets na /etc/ppp/chap-secrets. Ukiandika katika moja, na mtandao ukaomba ingine, umekosa. Basi andika mstari uleule katika zote mbili. Neno likiwa na alama #, lifunge kwa alama za kunukuu, bila hiyo yanayofuata hayasomwi.

Lakini hapa kwetu Bukavu tunashtaki klavie kwanza. Zetu ni za Kifaransa, AZERTY. Kama Linux iliwekwa kwa klavie ya Kiingereza, unabonyeza a, inatoka q. Unabonyeza m, inatoka nukta-mkato. Na nyota zinaficha yote! Andika kwanza neno fasi linaonekana, ndipo ulaumu mtandao.

Kuko na kosa la kuchekesha pia: programu pppd inakataa kwa sababu mtandao haukujitambulisha kwake. Ni sawa na mwanafunzi aliyechelewa kumwomba mlinzi wa mlango kitambulisho. Inatokea hasa kama kompyuta iko tayari kwenye mtandao mwingine, kwa waya. Andika noauth katika /etc/ppp/options. Sisi tutaendelea kujitambulisha. Mlinzi ndiye hatadaiwa tena.

Kabla ya kugusa kitu, andika amri journalctl, utafute mistari ya pppd. Ukiona PAP ao CHAP pamoja na neno failed, rudi kwa jina na neno la siri. Kama PAP na CHAP hazionekani kabisa, usihangaike na neno la siri: tazama APN, kadi ya SIM na unite zako.

Anayetaka kuonyeshwa aje na modemu yake siku ya tano kisha masomo, kama umeme uko.