Mionzi ya udongo: tusiogope tofali, tuogope shimo lisilo na hewa

Huku Misisi redio-trotwari inakimbia kuliko redio ya kweli. Inasema matofali ya udongo wetu yako na uraniamu, na kwamba mwenye kulala ndani ya nyumba ya matofali hayo analala na kansa. Sisi wa sendika tumeulizwa hii jambo shimoni, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. Basi tujibu kwa maandishi.

Ni kweli, udongo unatoa mionzi. Udongo wote: wa Misisi, wa Baraka, wa Paris. Ndani yake muko uraniamu, thoriamu na potasiamu, kidogo kidogo, tangu zamani za kuumbwa kwa dunia. Tofali ni udongo, na moto wa tanuru hauondoi vitu hivyo. Simenti nayo ni vilevile, na jiwe la graniti mara nyingi linazidi. Hata ndizi iko na potasiamu hiyo, hata mwili wako. Na ile rangi nyekundu ya udongo wetu si alama ya uraniamu. Ni chuma, kama kutu ya manjanja.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu kwamba mtu wa kawaida duniani anapokea milisiverti 2,4 kwa mwaka kutoka kwa asili. Milisiverti ni kipimo cha mionzi inayopata mwili. Ile inayotoka moja kwa moja ndani ya ardhi na kuta haifiki hata 0,5. Kuna pahali panapozidi sana, kama kilima cha Mrima kule Kwale, pwani ya Kenya, penye thoriamu nyingi. Lakini mama asibomoe nyumba yake kwa sababu ya maneno ya barabarani.

Sasa angalia hesabu vizuri. Karibu nusu ya ile 2,4 inatoka kwa kitu kimoja: radoni. Hii ni gazi. Haina rangi, haina harufu. Inazaliwa pale uraniamu ya ndani ya mawe inapooza polepole, kisha inapita kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa. Nje upepo unaipeleka, haina neno. Katika nyumba yenye madirisha na nafasi chini ya manjanja, nayo inatoka. Lakini ndani ya shimo refu lenye mlango mmoja, inajikusanya. Baada ya siku karibu 4 nusu yake imegeuka, na vitoto vyake si gazi tena: vinashika kwenye vumbi, vumbi linashika kwenye mapafu.

Wachimbaji wa Schneeberg, kule Ujerumani, walikufa kwa ugonjwa wa kifua kwa mamia ya miaka, watu wakisema ni ugonjwa wa mlima. Mwaka 1879 madaktari wawili wakaonyesha kwamba ni kansa ya mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema radoni ni kati ya sababu kubwa za kansa hiyo baada ya sigara. Na mwenye kuvuta sigara, hatari ya radoni kwake inazidi mara 25 kuliko asiyevuta. Vijana wetu wanaowasha moja kabla ya kushuka na ingine wakipanda, wasikie.

Kongo hatuanzi leo na mambo haya. Uraniamu ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliingia kwenye bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 2004 Rais alifunga mgodi huo kwa dekreti, wachimbaji wakaendelea kuingia, na mwezi wa Julai shimo likaporomoka likaua watu.

Kwetu ni dhahabu, na dhahabu yenyewe haitoi mionzi. Koltani ni jambo lingine. Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya wachimbaji wa koltani wa Masisi (Masisi ya Kivu ya Kaskazini, si Misisi yetu). Waliona kwamba mwenye kutwanga na kuchekecha anaweza kupata hadi milisiverti 18 kwa mwaka, zaidi kwa kuvuta vumbi. Mfanyakazi wa kiwanda cha nyuklia mpaka wake ni 20, tena anavaa kipimo kifuani. Mama zetu watwangaji wanavaa kipande cha kitenge mdomoni.

Na vumbi la mawe ya dhahabu, hata bila mionzi, linaua mapafu kwa silika. Hilo tunaliona sisi kuwa adui wa kwanza. Maji juu ya jiwe kabla ya kutwanga yanapunguza yote mawili, na ni bei ya bidoni moja.

Nchi iko na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya kinga ya mionzi, na iko na komite ya taifa ya kazi hiyo, CNPRI. Tunaomba SAEMAPE na kooperative waiite ije kupima mashimo yetu. Kipimo cha radoni ni kidude kidogo cha plastiki, hakitaki umeme: kinatundikwa miezi 3, kisha kinapelekwa laboratware.

Tukingoja, tunadai jambo moja kwa PDG wote wa mashimo: asubuhi, vantilateri ipige hewa chini kabla ya mtu wa kwanza kushuka, si baada. Mafuta ya mashine hiyo yaingie kwenye gharama za shimo kabla ya kugawana mifuko, pamoja na fufu na maharagi, yasikatwe kwa fungu la mchimbaji.