Bunduki za kale: Mng'aro unapoua thamani

Katika minada ya silaha za kale nchini Marekani, bunduki iliyofifia rangi na yenye kitako kilichochakaa aghalabu huuzwa kwa bei kubwa kuliko nyingine ya umri uleule inayong'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana. Mgeni hushangaa. Wazoefu hawashangai, kwani wanajua kuwa mng'aro huo mara nyingi si wa kiwandani bali ni wa msasa.

Zinazotafutwa sana ni bunduki za wenzo, zile ambazo wengi wamezizoea katika filamu za makauboi. Mpigaji hushusha na kupandisha wenzo ulio chini ya kifyatulio. Ganda lililotumika huruka nje na risasi mpya huingia chemba. Kampuni ya Winchester, iliyoanzishwa mwaka 1866 na kufanya makao yake New Haven, Connecticut, ilitengeneza zaidi ya bunduki 700,000 za muundo wa 1873. Za muundo wa 1894, uliobuniwa na John Browning, zilipita milioni 7. Afrika Mashariki nayo ilizionja: Theodore Roosevelt, aliyetia nanga Mombasa mwaka 1909 baada ya kuondoka madarakani, alikuja kuwinda akiwa na Winchester ya muundo wa 1895 miongoni mwa silaha zake.

Kwa mnunuzi wa Marekani, mwaka wa kutengenezwa ni jambo zito. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 huitambua bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, hivyo huwa nje ya masharti mengi ya silaha za kawaida, ingawa baadhi ya majimbo yana sheria zake. Ndiyo maana namba iliyochongwa kwenye chuma husomwa kwanza. Jumba la makumbusho ya silaha la mji wa Cody, Wyoming, huhifadhi vitabu vya kiwanda hicho, na kwa bunduki nyingi za zamani hutoa barua inayoeleza jinsi ilivyokuwa ilipotoka ghalani. Barua ikitaja mtutu wa duara, na bunduki iliyo mezani ina mtutu wa pande nane, basi kuna mkono uliopita hapo katikati.

Mikono hiyo huacha alama. Kiwandani, mbao iliachwa ikiwa juu kidogo ya usawa wa chuma. Iliyopigwa msasa huwa chini yake. Maandishi kwenye mtutu huwa yamefifia, kingo zilizokuwa kali zimekuwa butu, na matundu ya parafujo yamebonyea kama visahani. Ndani ya mtutu, tundutundu za kutu ni jambo la kawaida, kwa kuwa masalia ya baruti nyeusi hufyonza unyevu na kula chuma pasipo kusafishwa mara moja.

Je, ukarabati ni kosa? La hasha. Bunduki iliyokwisha kuharibiwa na mafundi wa awali haina cha kupoteza, na fundi hodari aweza kuirudishia rangi kwa njia ya zamani: chuma hupakwa dawa ili kishike kutu, huchemshwa majini hadi kutu nyekundu igeuke nyeusi, husuguliwa taratibu, kisha kazi huanza upya, mara nyingi. Kinachodaiwa ni muuzaji aseme wazi kwamba kazi hiyo imefanyika. Lakini iliyobaki katika hali yake ya asili yatosha mafuta mepesi, kitambaa laini na subira.

Mfano mzuri ulionekana Nevada. Mwezi Novemba 2014, katika Hifadhi ya Taifa ya Great Basin, ilipatikana Winchester ya muundo wa 1873 imeegemea mti wa mreteni, mbao yake imepauka na kupasuka, kitako kimezama ardhini. Namba yake ilionyesha kuwa ilitoka kiwandani mwaka 1882. Nani aliyeiacha hapo, vitabu havikusema. Ilipopelekwa Cody, ilipigwa picha ya eksirei ijulikane kama ina risasi. Chemba ilikuwa tupu, ila risasi moja ilikutwa imefichwa ndani ya kitako. Wataalamu waliimarisha mbao isizidi kumeguka, wakaacha kutu na nyufa kama zilivyo. Laiti wangeing'arisha, ingekuwa Winchester nyingine tu.

Kwa anayetaka kuipiga, suala si uzuri tena bali ni usalama. Muundo wa 1873 ulikusudiwa baruti nyeusi, na viungo vinavyofunga chemba yake havikutengenezwa kwa mgandamizo mkubwa wa risasi nyingi za kisasa. Viungo vikilegea, nafasi huzidi nyuma ya risasi na ganda laweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Fundi hupima nafasi hiyo kwa vipimo maalumu kabla ya risasi ya kwanza, na akisema bunduki ibaki ukutani, hutundikwa.