Kwa Nini Maharage ya Makete Hayana Haraka

Mgeni kutoka Dar es Salaam akifika Makete mwezi Julai hukutana na mambo mawili asiyoyazoea. La kwanza ni baridi: alfajiri anafungua mlango na kukuta sakitu imetanda juu ya majani, nyeupe kama unga uliomwagika. La pili anakutana nalo jikoni. Maharage ambayo kwao huinjikwa asubuhi na kuliwa mchana, huku yanagoma. Anachochea moto, anaongeza kuni, maji yanatokota kwa kishindo, lakini akiyabonyeza bado ni magumu. Wenyeji hawashangai. Wao waliyaloweka tangu jana.

Nimesomea sayansi ya chakula, lakini somo hili nililiona kwanza kwa bibi aliyenilea, aliyekuwa akiacha chungu cha makande juu ya majivu ya moto usiku kucha. Alikuwa anajua jambo ambalo vitabu vilinieleza baadaye: katika nyanda za juu, mpishi hulipa kwa muda kile anachopungukiwa katika joto.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuushinda mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Ufukweni hewa hiyo ni nzito, kwa hiyo maji hufika nyuzi 100 za Selsiasi ndipo yachemke. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inazidi kuwa nyepesi na maji huchemka mapema, nyuzi moja pungufu kwa takriban kila mita 300. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 93. Kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600, ni kama 91. Na maji yakishachemka, hata ukimaliza tela zima la kuni, hayapati joto zaidi. Yanageuka mvuke tu na kupaa. Moto mkali chini ya maharage ya Makete ni kuni zilizopotea.

Ndiyo maana mbinu za wazee zina maana. Kuloweka usiku mzima huruhusu maji kupenya hadi kiini cha punje, hivyo joto la kesho halina kazi ya kuanza upya. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, funika chungu, kisha punguza moto mara tu yanapochemka vizuri. Nyanya na limau ziingie mwishoni, kwa sababu uchachu hukaza maganda ya maharage na kuyachelewesha kuiva. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, ila huharibu vitamini B1, na ladha yake huwafukuza wengi mezani. Sufuria ya presha hutatua tatizo hili moja kwa moja: inauzuia mvuke, mgandamizo unaongezeka, na maji yanapita nyuzi 100 hata mlimani.

Asiye na sufuria ya presha atumie kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kitandike nyasi kavu au mablanketi ya zamani, tumbukiza chungu kinachochemka, kifunike juu kwa mto mzito na ukiache kwa saa kadhaa. Chakula kitaendelea kuiva bila kuni hata moja. Lakini kuna sharti ambalo halina mjadala. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, inayosababisha kutapika na kuhara. Kuchemsha kwa nguvu huiua. Joto la vuguvugu haliiwezi. Kwa hiyo maharage yaliyolowekwa yachemke barabara kwa nusu saa kabla hayajaingia kwenye kikapu.

Makande yenyewe yanastahili uvumilivu huo. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo mwili hauwezi kuitengeneza. Maharage yanayo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi huuziba. Kila kimoja kinamkopesha mwenzake. Tena protini ikisagwa tumboni huzalisha joto jingi kuliko wanga, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu aliyekula makande jioni kuhisi mwili umechangamka.

Uji wa ulezi hausumbuliwi na mwinuko. Wanga huanza kufyonza maji na kuvimba kwenye nyuzi 65 hivi, kwa hiyo hata maji ya Kitulo yanatosha na kubaki. Adui wa uji ni mabonge. Unga ukiangukia maji ya moto ukiwa mkavu, punje za nje huvimba mara moja na kuufungia ndani unga ambao haujalowa. Ukoroge kwanza kwa maji baridi, umimine taratibu huku unakoroga, kisha uache uchemke. Uzito wake ndio unaoufanya ukae na moto kwenye kikombe: maji mepesi huzunguka na kupoa upesi, uji mzito hutulia na joto lake.

Kwa mtoto mdogo, uzito huo unaweza kuwa kikwazo, kwani tumbo lake hujaa kabla hajashiba. Hapo ndipo kimea kinapoingia, kile kile kinachotumika kutengenezea togwa. Ni ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyokata wanga. Subiri uji upungue joto kidogo, tia kijiko cha kimea, koroga, na baada ya dakika chache utaona umelegea. Uchemshe tena ndipo umpe. Sasa unaweza kuanza na unga mwingi zaidi, na mtoto akapata lishe zaidi katika kikombe kile kile.

Chai ya tangawizi ina siri yake. Ukali wa tangawizi huamsha mishipa ya fahamu ile ile inayotuambia kwamba kitu ni cha moto, hivyo kikombe kinapasha mara mbili: kwa joto lake na kwa ukali wake. Tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi, kwa kuwa kukaushwa huibadilisha kikemia. Na kama maziwa yako yamewahi kukatika ulipoweka tangawizi mbichi, sababu ni kimeng'enya chake kinachogandisha maziwa. Chemsha tangawizi kwenye maji kwa dakika tano kwanza. Kimeng'enya kitakufa, ndipo utie majani na maziwa. Chai hiyo inywe saa moja baada ya makande, si pamoja nayo, maana majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Pombe si kinywaji cha baridi, hata kama unahisi inachoma kifua. Hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, uso unawaka, na joto la ndani linatorokea nje. Mlevi anayelala njiani Julai yuko hatarini kuliko aliyekunywa uji.

Na jiko la mkaa lisilale chumbani. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo. Pikia penye hewa, kisha beba chakula ndani.

Leo kabla ya kulala, loweka vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kimoja cha maharage. Kesho asubuhi yachemshe barabara kwa nusu saa, yafunike kwenye kikapu, nenda shambani. Mchana yapashe tena hadi yachemke, na uyaonje. Yakiwa bado na ubishi, yarudishe kikapuni. Jioni baridi ikishuka, chungu kitakuwa kimeshakamilisha kazi yake.