Nyuklia au Jua la Voi? Kweli na Uongo Kuhusu Stima Yetu

Tangu serikali itaje Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia, na wakazi wakaandamana kupinga mwaka 2024, mjadala wa stima umepamba moto Pwani nzima. Haya ndiyo yanayosemwa sana.

"Bila nyuklia, Kenya itabaki gizani."
SI KWELI. Kenya haina kinu hata kimoja, lakini takriban asilimia 90 ya umeme inaozalisha hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke pekee hutoa karibu nusu. Olkaria inazalisha tangu 1981, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe.

"Jua likizama, nishati jadidifu imekwisha."
SI KWELI. Paneli hulala usiku, ndiyo. Lakini mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, hupata upepo mkali zaidi usiku, wakati wateja wengi wamelala. Kinachokosekana ni pa kuuhifadhi umeme huo.

"Voi kuna joto, kwa hivyo sola hutoa umeme zaidi."
SI KWELI. Paneli hutaka mwanga, si joto. Kila nyuzijoto 1 ikipanda juu ya 25, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 0.4. Paneli iliyolazwa juu ya mabati saa saba mchana huweza kufika nyuzijoto 60. Hapo zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake imepotea. Mwambie fundi aache nafasi ya upana wa kiganja ili hewa ipite chini yake. Lile vumbi jekundu la Tsavo lioshe alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

"Nyaya kubwa zikipita, kijiji kimepata stima."
SI KWELI. Laini ya kilovolti 400 kati ya Mombasa na Nairobi inakatiza kaunti yetu ya Taita Taveta, lakini umeme huo haushuki nyumbani bila kituo cha kupozea na transfoma. Hata wa nyuklia ungepita njia hiyo hiyo. Kwa boma lililo mbali na transfoma huko Kasigau, sola iko karibu zaidi.

"Taka za mkonge zinaweza kuwasha taa."
KWELI. Nyuzi za mkonge ni kama asilimia 4 tu ya jani. Mabaki ni taka. Kule Hale, Tanga, nchini Tanzania, taka hizo zilishazalisha biogesi ya kuendesha mtambo wa kilowati 150. Mwatate tuna mashamba makubwa ya mkonge.

"Nyuklia haitoi hewa ya kaboni."
KWELI, inapozalisha umeme. Lakini taka zake hubaki hatari kwa maelfu ya miaka, na mpango wa Uyombo ulilenga kukamilika 2034.

Upepo nao una kesi zake: mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kuwa hati za ardhi ya mradi wa Loiyangalani zilitolewa kinyume cha sheria. Basi mradi wowote ukiletwa kwenye kikao cha maoni ya umma, uliza: ardhi ni ya nani, utakamilika lini, na yuniti moja itauzwa kwa bei gani?